Simba Aliyevaa Koti

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipopata kazi ya kutafsiri picha. Hivyo ndivyo baba alivyowaambia wateja wake, nao wakacheka, maana picha haitafsiriwi. Baba alikuwa na duka la kofia na kanzu katikati ya Nairobi, hatua chache kutoka msikiti mkubwa, na kila alasiri alisomesha watoto Kurani katika chumba cha nyuma. Tulihamia huko kutoka Mombasa nikiwa mdogo. Mama alifariki kabla sijamaliza shule ya msingi, tukabaki wawili, mimi na yeye, katika vyumba viwili juu ya duka. Kuta zetu hazikuwa na picha hata moja. Baba hakutaka sura ya kiumbe chenye roho itundikwe nyumbani mwake. Wakati mmoja alipewa kalenda yenye tembo. Alikata ile nusu ya tembo, zikabaki tarehe tu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa nimesomea kupiga taipu, na nilikuwa na tabia moja iliyomkera baba hadharani na kumfurahisha kwa siri: niliandika barua gazetini kulalamikia mabango ya Kiswahili kibovu yaliyojaa mjini. Benki moja ilikuwa imeandika mlangoni kwamba wateja "wasukumwe", ikimaanisha mlango usukumwe. Barua yangu juu ya mlango ule ilisomwa na meneja wa ukumbi mmoja wa maonyesho mjini, Mwafrika wa kwanza kushika kazi ile. Alinitafuta mpaka dukani.

"Wewe ndiye unayetukana mabango?" akaniuliza.

"Situkani. Nasahihisha."

"Basi nina kazi yako."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mzungu mmoja, wakili aliyestaafu, aliishi Muthangari katika nyumba iliyojaa katuni za siasa za Kiingereza zilizokatwa kutoka magazeti ya zamani, ya zama za Malkia Viktoria. Alikuwa amezikusanya maisha yake yote, na alitaka zionyeshwe mjini kwa wiki mbili. Meneja alikubali kwa sharti moja: kila picha iwe na kadi mbili za maelezo, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili, ili karani na mchuuzi wakiingia nao wasome. Za Kiingereza angeziandika wakili mwenyewe. Za Kiswahili ningeziandika mimi.

Siku ya kwanza nilishuka kwenye basi nikatembea kando ya nyua zilizokatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi, buibui langu likikusanya vumbi. Mlango ulifunguliwa na mpishi, mzee mrefu kutoka magharibi ya nchi, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuimba kanisani. Alinitazama buibui, akatazama viatu, akasema, "Dada, wewe ni ile ya kuandika picha? Ingia. Zinakungoja hapa kwa koridoo."

Na kweli zilikuwa zinaningoja. Ukuta wa kulia na wa kushoto, kutoka mlangoni mpaka chumba cha kusomea, wanyama walijaa ndani ya fremu nyeusi. Sijawahi kuona wanyama wenye shughuli nyingi namna ile. Simba aliyevaa koti na kofia ndefu alikuwa anasoma gazeti. Dubu mwenye kofia ya manyoya alimkumbatia mtu huku ameficha kisu mgongoni. Tai mwenye vichwa viwili aligombana na kichwa chake cha pili. Kulikuwa na jogoo wa Kifaransa aliyevaa buti za kijeshi, chui milia wa Bara Hindi, mamba wa Misri. Mistari ilikuwa myembamba kama nywele, na nakiri, kama mtu aliyelelewa bila picha, nilisimama pale nikishangaa kwa furaha. Mtu aliyachora manyoya yale unyoya kwa unyoya.

Wakili alinipokea vizuri. Alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyochelewesha hasira yangu. Alinipa meza, taipureta na chai, akanieleza kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba wachoraji wa zama zile walikuwa na alfabeti yao: kila taifa lina mnyama wake, na kila mnyama ana tabia yake. Simba ni Uingereza, maana yake ni ushujaa na haki. Dubu ni Urusi, uroho. Chui milia ni Wahindi walioasi, ukatili na hila.

"Kwa nini chui milia ndiye mbaya?" nilimuuliza siku ya tatu. Mbele yetu simba na chui walikuwa wameng'atana shingo chini ya mnazi. "Si hapo ni kwao?"

Alicheka bila ubaya. "Mwanangu, hiyo ni lugha ya picha tu. Usiifikirie sana."

Hakuna neno linalonichokoza kuliko hilo. Mtu akiniambia nisifikirie sana, hapo ndipo nifikiriapo. Nilirudi mezani nikatafsiri kadi yake kama alivyoandika, neno kwa neno, lakini kuanzia siku ile nilianza kuzitazama picha baada ya kusoma kadi, wala si kabla. Nikaona kitu. Simba alikuwa amevaa nguo kila mara. Koti, fulana, wakati mwingine viatu. Dubu alikuwa na kofia na mkanda. Tai alikuwa na taji. Lakini mnyama aliyesimama badala ya nchi iliyotawaliwa, chui, mamba, nyoka, nyani, hakuvaa kitu. Wale walikuwa mataifa yaliyojigeuza wanyama kwa mzaha, kama mtu anavyovaa kinyago sherehe ikianza na kukivua ikiisha. Hawa wengine walikuwa wanyama tu.

Nilipomwambia mpishi jambo hilo, aliweka birika chini akatazama ukuta kama mtu anayehakikisha.

"Hiyo ni kweli," akasema. "Lakini dada, mimi nilianza na swali rahisi. Huko kwao kuna simba?"

"Hakuna."

"Si ndio? Hii simba ni yetu. Ukienda pale mbugani, hapa karibu, utamsikia asubuhi. Walimuazima bila kuuliza, wakamshonea koti."

Nilicheka mpaka wakili akachungulia kutoka chumbani mwake.

Picha iliyonisimamisha ilikuwa imetundikwa mwisho wa koridoo, karibu na jikoni, mahali ambapo wageni hawakufika sana. Simba alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwalimu, fimbo ameibana kwapani, miwani puani. Sakafuni walikaa wanafunzi wake: nyani, mamba, bata mzinga, mtoto wa kiboko. Na katikati yao alikaa mtu. Mtu mweusi, mtu mzima, amefungwa kitambaa kiunoni, mikono magotini, macho yamemtoka. Chini ya kitambaa kile mchoraji alikuwa amemtolea mkia. Mkia mrefu, uliopinda vizuri, uliochorwa kwa uangalifu uleule wa manyoya ya simba.

Kadi ya Kiingereza ilisema: Simba mwenye huruma anawafundisha wanafunzi wake wapya.

Nilipiga taipu "Simba mwenye" nikasimama. Mkono ulikataa. Mpishi aliingia na chai, akaona nilichokuwa nakitazama.

"Mzee, huyu ni nani?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Huyo ni mimi," akasema, bila kupandisha sauti. "Miaka kumi na moja nampangusa. Kila Jumatatu. Siku ya kwanza niliona hiyo mkia nikafikiri ni uchafu kwa kioo. Nikasugua. Nikaweka maji, nikasugua tena. Haikutoka. Ndipo nikajua iko ndani."

"Hukumwambia kitu bwana wako?"

"Nilimwambia. Alisema ni ya zamani. Nikamwambia hata mimi ni wa zamani." Akamimina chai. "Kunywa, itapoa."

Sikuinywa. Nilivaa buibui langu nikaondoka kabla ya saa ya kutoka.

Baba alikuwa bado hajaanza darasa nilipofika. Nilimkuta anapanga kofia kwenye vibao. Nikamuuliza kama kuna ruhusa yoyote, katika dini au katika ustaarabu, mfasiri kubadilisha maneno ya mtu asiyekubaliana naye.

"Hakuna," akajibu papo hapo. "Mfasiri amewekewa amana. Akiongeza ni khiyana, akipunguza ni khiyana. Hata kama maneno yanamchoma."

"Na akiyaacha maneno akaitafsiri ile picha yenyewe?"

Kofia ilibaki mkononi mwake. Baba hakuwa mtu wa kujibu haraka lile asilolijua. Watoto walianza kuingia na vibao vyao, wakaketi, na yeye bado alikuwa amesimama.

"Hapo wewe si mfasiri tena, mwanangu," akasema mwishowe. "Hapo umekuwa shahidi. Na shahidi hasemi ila alichokiona. Hapambi. Hatukani. Hakisii. Kile alichokiona tu."

Basi nikawa shahidi. Kwa siku nne nilikaa na zile picha arobaini nikaandika kadi upya. Sikutia neno hata moja la matusi, na watu walioniambia baadaye kwamba niliandika kwa hasira hawajui hasira ni nini. Nina kumbukumbu nzuri ya kadi zile. Kwenye picha ya chui niliandika: "Simba na chui milia wanapigana. Mahali ni Bara Hindi. Chui yuko kwao." Kwenye nyingine: "Dubu na simba wanavutana zulia. Mwenye zulia yuko pembeni. Hakuna anayemuuliza." Na kwenye ile ya mwisho wa koridoo: "Simba amekaa kwenye kiti. Mtu mweusi amekaa chini pamoja na nyani na mamba. Mchoraji amemtia mkia. Mtu huyu hakuwa na mkia."

Kulikuwa na moja iliyonigusa kwa njia ya kwetu. Ilionyesha jogoo mdogo, wa pekee kati ya waliotawaliwa aliyevishwa kitu, mwenye kilemba kichwani na jambia kiunoni, amebanwa kati ya simba na tai. Simba ameshika bawa moja, tai la pili. Niliijua ile hadithi kabla sijafundishwa shuleni, kwa sababu babu yake baba alikuwa hai Mombasa wakati Waingereza na Wajerumani walipogawana pwani. Niliandika: "Jogoo huyu ni pwani yetu. Anawika, lakini ua si wake tena."

Sikumwambia wakili. Hapo sikuwa jasiri, nalisema waziwazi. Kiswahili chake kilitosha kuitisha chai na maji ya moto, nami niliutumia ujinga wake huo. Lakini meneja nilimpelekea kadi zote mkononi. Alizisoma amesimama, moja baada ya nyingine, akafika ya mkia, akaisoma mara mbili.

"Unajua kitakachotokea?" akaniuliza.

"Najua."

"Hujui," akasema. Lakini alizibandika.

Siku ya kufungua kulikuwa na wageni wa aina mbili. Mbele, wake za Wazungu wenye kofia na wakubwa wa serikali wenye suti. Nyuma yao, watu waliotoka maofisini, walimu, wanafunzi wa chuo, mafundi waliosikia kwamba kiingilio ni bure. Wa kwanza walisoma kadi za kushoto, za Kiingereza. Wa pili walisoma za kulia. Baada ya robo saa ukumbi ulikuwa umegawanyika kwa sauti: upande mmoja unanong'ona, upande mwingine unacheka. Kisha wale waliokuwa wanacheka wakafika kwenye picha ya simba mwalimu, na kicheko kikakatika. Karani mmoja mwenye kalamu sikioni alisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua iliyotoka nyumbani: "Mtu huyu hakuwa na mkia." Mwanamke mmoja alisema tu, "Ee."

Wakili aliuliza kwa nini watu wamenyamaza. Mmisionari mmoja mzee aliyekijua Kiswahili vizuri alimwinamia sikioni. Niliona uso wa wakili ukibadilika rangi kuanzia shingoni. Akaja moja kwa moja nilipokuwa.

"Umenisaliti," akasema kwa Kiingereza.

"Nimeandika kilichomo kwenye picha."

"Uliajiriwa utafsiri maneno yangu."

"Maneno yako yako pale pale ukutani. Sikuyagusa. Hata nukta."

"Ulikaa nyumbani kwangu. Ulikunywa chai yangu."

"Aliyeitengeneza chai ile yumo ndani ya picha yako," nikamwambia, "na wewe hukumtambua."

Kabla hajajibu, mtu mwingine alisimama kati yetu. Huyu alikuwa Mwafrika, mnene, suti ya kijivu, beji ya chama tawala kifuani. Na beji ile, kama zote za wakati ule, ilikuwa na jogoo.

"Nani ameandika ile ya jogoo?" akauliza.

"Mimi."

"Umeandika jogoo anawika lakini ua si wake tena. Unamaanisha nini? Unataka kusema serikali haina nchi?"

Nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Nikamweleza kwamba picha ilichorwa kabla babu yake hajaoa, kwamba jogoo yule ni pwani, kwamba simba ni Mwingereza na tai ni Mjerumani.

"Mimi naona jogoo," akasema. "Wewe huoni jogoo?"

"Naona."

"Basi badilisha. Andika ni bata."

"Ana mdomo wa kuku na makucha miguuni, bwana. Watu wana macho."

"Msichana, nimesema andika bata!"

Wakili na yule mkubwa walisimama bega kwa bega mbele yangu, mmoja kwa sababu nilikuwa nimesema ukweli juu ya mnyama wake, na mwingine kwa sababu alidhani nimesema ukweli juu ya wake. Hawakuwahi kuonana kabla ya jioni ile, wala hawakupendana, lakini juu ya jambo lile walikubaliana vizuri sana.

"Siandiki bata," nikasema. "Na sibadilishi ile ya mkia. Mnaweza kuzing'oa. Mikono mnayo."

Walizing'oa. Si wao wenyewe, walimwachia meneja, na meneja aliniita pembeni akaniambia, bila kunitazama, "Nina watoto wanne." Kesho yake asubuhi kadi zote arobaini zilikuwa zimeondolewa, na kwenye ukuta palibaki alama nyeupe za gundi upande wa kulia wa kila fremu.

Nililia dukani, ndani ya rundo la kanzu, ili wateja wasinione. Baba aliniacha nilie. Kisha akasema, "Shahidi akinyang'anywa karatasi, amenyang'anywa na ulimi?"

Saa nne nilikuwa ukumbini. Ukumbi ulikuwa wa umma, mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa ameniambia nisiingie. Nilisimama kando ya picha ya kwanza. Wachuuzi wawili waliingia, wakatazama, wakatafuta maelezo wasione ila Kiingereza. Nikawaambia, "Huyo mwenye koti ni Uingereza. Yule aliyeficha kisu ni Urusi. Njooni huku." Nikawapitisha picha zote. Walipotoka waliwaleta wenzao. Nilifanya hivyo siku ile, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Kadi zile nilikuwa nazijua kwa moyo. Nilizisema kama nilivyoziandika, bila kuongeza. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza watu walikuwa wanakuja wakati wa chakula cha mchana wakiuliza mlangoni, "Yule dada wa wanyama yuko?"

Jumapili mpishi alikuja. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, na alikuwa ametoka kanisani, amevaa suti ya kahawia na tai. Sijui alimuaga vipi mwajiri wake, wala sikumuuliza. Alinisikiliza nikizungumza na kundi la wanafunzi mpaka nikafika kwenye picha ya simba mwalimu. Hapo akanigusa bega.

"Hii niachie mimi," akasema.

Akasimama mbele ya kioo alichokipangusa miaka kumi na moja, akawageukia wanafunzi. "Huyu ni mimi," akawaambia. Kisha akageuka, mgongo kwao, akainua nyuma ya koti lake la kahawia kwa heshima, kama anayeonyesha cheti. "Angalieni vizuri. Iko?"

Baadhi yao walicheka. Msichana mmoja aliweka mkono mdomoni. Mpishi akageuka tena, akafunga kifungo cha koti. "Haiko," akasema. "Na haikuwako. Sasa endeleeni."

Siku mbili baadaye baba alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya ila siku ya Ijumaa, akaja ukumbini na kanzu yake safi na kofia ya kushona kwa mkono. Nilijua lilivyomgharimu kuingia nyumba iliyojaa sura za viumbe. Alitembea amekaza macho mbele mpaka nikamfikisha kwa jogoo, hapo akayainua.

Ndipo mkubwa wa beji alipoingia tena, safari hii na askari polisi kijana.

"Huyu," akasema akininyooshea kidole. "Anahutubia umma bila kibali."

Askari akasogea. Nilifungua mdomo, lakini baba alinitangulia. Baba yangu, ambaye maisha yake yote aliepuka kugombana na serikali hata juu ya leseni ya duka.

"Afande, habari yako," akasema. "Mimi ni baba yake. Kiingereza sikijui. Nimemwomba binti yangu anisomee picha hizi. Baba kusomewa na mwanawe kunahitaji kibali?"

Askari akamtazama mkubwa. Mkubwa akasema, "Na hawa wengine je? Watu ishirini hapa!"

"Mimi pia sijui Kiingereza," akasema mchuuzi mmoja nyuma.

"Hata mimi," akasema mwingine.

"Mimi nakijua," akasema karani mwenye kalamu sikioni, ambaye alikuwa amerudi mara ya tatu au ya nne, "lakini leo nimekisahau."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Askari alijitahidi kuuweka uso wake sawa. Mkubwa alitoa daftari, akaniuliza jina langu na la baba na mahali pa duka, akaandika yote kwa herufi kubwa, akatoka akiwa amevimba. Askari hakumfuata mara moja. Alibaki akizungushazungusha kofia yake mikononi, kisha akanikaribia.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "na hii ya dubu inasema nini?"

Nikamsomea.

Siku ya mwisho wakili alikuja. Alikuwa amekaa nyuma ya watu, na sijui alikuwa pale muda gani kabla sijamwona. Watu walipotawanyika alinijia, na safari hii uso wake haukuwa mwekundu, ulikuwa umechoka.

"Bado naamini ulinisaliti," akasema.

"Na mimi bado naamini ulimtundika mpishi wako ukutani miaka kumi na moja, ukampa kitambaa ajipanguse mwenyewe."

Aliondoka bila kuniaga. Hatukuonana tena. Baada ya mwaka hivi aliuza nyumba akarudi Uingereza na makasha yake, lakini mpishi hakungoja siku hiyo. Alikuwa ameacha kazi mwezi uleule wa maonyesho, akarudi magharibi kulima mahindi. Alipita dukani kuniaga, na baba akampa kofia, ingawa alikuwa Mkristo, naye akaivaa palepale akatoka nayo barabarani.

Lile daftari la herufi kubwa lilifanya kazi yake. Niliomba kazi serikalini mara mbili katika miaka iliyofuata, na mara zote mbili kwenye usaili kuna mtu aliyeuliza, huku akipekua faili, "Wewe ndiye wa jogoo?" Nikajibu ndiyo, ndiye mimi. Sikupewa kazi. Marafiki waliniambia ningesema ni mtu mwingine mwenye jina kama langu. Sikuona kwa nini nimpe mtu mwingine jambo nililolifanya mwenyewe. Mwishowe, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipata kazi ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika huko Kawangware, katika ukumbi wa kanisa. Wengi walikuwa wanawake wauzaji wa mboga, na walinifundisha mimi mambo mengi kuliko niliyowafundisha. Nilidumu huko miaka mingi, na sijawahi kuitamani ofisi yoyote niliyonyimwa.

Meneja nilikutana naye wakati mmoja katikati ya mji, baada ya miaka saba au minane. Alikuwa amezeeka kabla ya wakati na hakuwa tena meneja. Kosa jingine, lisilonihusu, lilikuwa limemwondoa. Alinisimamisha barabarani, watu wakitupita kulia na kushoto, akaniomba msamaha kwa zile kadi. Alisema bado anamkumbuka yule karani aliyesoma kwa sauti. Tuliingia hoteli moja tukaagiza chai na mahamri, nikamuuliza habari za wale watoto wanne, na wote walikuwa wazima, wawili wameshaoa. Nilimwambia nimemsamehe, na nilimaanisha. Lakini alipongoja nimwambie "si kitu", kama watu wanavyosema, sikusema. Kilikuwa kitu.